MZIO: SI MARINGO, SI UCHAWI, WALA HAUAMBUKIZI

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Miongoni mwa mambo ambayo wengi wetu tumeyaacha katika giza hilo ni mzio. Mabwenini utawasikia wanafunzi wakinong'onezana, "Usitumie kikombe chake, atakuambukiza pumu." Uwanjani utamsikia mwingine akicheka, "Huyo anajifanya tu ndio asikimbie." Na kule nyumbani, mtoto mdogo akitokwa na mabaka baada ya kula yai, hakosi jirani wa kusema kwamba amerogwa au ametazamwa kwa jicho baya.

Yote matatu si kweli. Hata hivyo, uvumi ukirudiwa sana watu huuamini, na anayeumia ni mtoto mwenye mzio. Huificha dawa yake chini ya godoro ili asichekwe, na siku ya shida ikifika, dawa haionekani. Mtu anaweza kupoteza maisha kwa sababu ya kuogopa kuchekwa. Ndiyo sababu, mpenzi msomaji, nimeishika kalamu ili tulizungumzie jambo hili kinagaubaga: mzio ni nini, huletwa na nini hapa kwetu Machakos, na tufanye nini mwenzetu au mdogo wetu anapopatwa nao.

NENO LENYEWE

Wengi wetu husema "aleji". Lakini Kiswahili hakikosi neno. Neno mzio ni la tangu zamani, na lilitumiwa kwa chakula au kitu ambacho mtu amekatazwa, aghalabu kwa kuwa kinaaminika kumdhuru. Kwa hivyo mwanasayansi anapolitumia leo hajaenda mbali na wazee wetu.

Neno la Kizungu lilibuniwa mwaka wa 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto katika mji wa Vienna, Austria. Aliona kwamba baadhi ya watoto waliodungwa dawa iliyotokana na damu ya farasi walidhurika upesi zaidi walipodungwa mara ya pili. Kabla yake, mwaka wa 1902, Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wameona ajabu kama hiyo kwa mbwa. Mbwa aliyestahimili sumu ya kiumbe fulani wa baharini mara ya kwanza, alipopewa kiasi kidogo tu majuma kadhaa baadaye, alikufa kwa muda wa dakika chache. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1913 kwa kazi hiyo. Swali lilikuwa: kwa nini mara ya pili iwe mbaya kuliko ya kwanza?

SOJA ALIYEKOSEA

Hebu mfikirie soja wa lango la shule. Kazi yake ni kuzuia wezi. Mwizi akija, soja hupuliza firimbi, wenzake huja na marungu, na mwizi hutoka mbio. Hapo sote tunamshukuru. Lakini itakuwaje soja huyo akimwona mzazi amekuja siku ya kutembelewa na kikapu chake cha chapati, naye amdhanie kuwa mwizi? Atapuliza firimbi, marungu yatarushwa na madirisha yatavunjika. Hayakuvunjwa na chapati. Yalivunjwa na walinzi wenyewe.

Huo ndio mzio. Mwili una walinzi wake, ambao huitwa kinga. Hupigana na viini vya magonjwa na minyoo. Kwa watu wengine walinzi hawa hukosea, wakakiona kitu kisicho na madhara, kama karanga, vumbi au chavua ya maua, kuwa adui. Mara ya kwanza mwili hutengeneza kingamwili za aina iitwayo IgE, ambazo wataalamu wa Marekani na Sweden walizigundua katika miaka ya 1960. Ni kama soja ameandika jina la mgeni katika kitabu cha lango. Mara ya pili mgeni yule akija, jina lipo tayari. Firimbi inalia, na chembe fulani za mwili zinamwaga kemikali iitwayo histamini.

Histamini ndiyo huvunja madirisha. Ikimwagika puani, mtu hupiga chafya na kutokwa na kamasi jepesi kama maji. Ikimwagika kwenye ngozi, hutokea mabaka yanayowasha. Kifuani, histamini na kemikali nyingine hubana njia za hewa na kifua kikaanza kulia kama mluzi. Na zikimwagika mwili mzima kwa ghafla, mishipa ya damu hulegea, mtu akazirai, na asiposaidiwa upesi aweza kufa.

Sasa tunaweza kulijibu lile swali la kikombe. Mzio hauna kiini kinachoweza kumtoka mtu mmoja na kumwingia mwingine. Soja wa shule yenu akikosea, soja wa shule jirani haambukizwi kosa lake. Pumu haiambukizi, wala ukurutu hauambukizi. Kinachoweza kupitishwa ni ile hali ya mwili kuwa mwepesi wa kukosea, nayo hutoka kwa wazazi hadi kwa watoto kwa njia ya urithi. Ndiyo maana katika familia moja utamkuta baba ana pumu, mtoto mmoja ana ukurutu, na mwingine hupiga chafya kila asubuhi.

VICHOCHEZI VYA HAPA KWETU

Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa methali hii ni ya kweli kabisa. Katika godoro, mto na blanketi huishi utitiri wa vumbi, wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho, ambao chakula chao ni chembe za ngozi zinazotudondoka tukilala. Hawaumi. Kinachochochea mzio ni mavi yao yakiingia puani. Mende pia ni vichochezi wakubwa, na vilevile manyoya ya paka na mbwa, na kuvu inayoota kwenye kuta zenye unyevu.

Kisha kuna chavua. Mijakaranda ikichanua, watu huilaumu kwa kila chafya inayopigwa mjini. Lakini maua makubwa yenye rangi ya kuvutia kwa kawaida huwategemea nyuki kubeba chavua yao. Chavua inayotusumbua zaidi ni ile inayopeperushwa na upepo, kama ya nyasi, ambazo maua yake hata hatuyatazami.

Kwa upande wa vyakula, vinavyosumbua watoto mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii zake, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na simsim. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa au mayai hupona wakikua. Wa karanga na wa samaki aghalabu huendelea nao ukubwani.

Embe nalo lina kisa chake, na sisi tunaotoka sehemu za Mwala, Masii na Kathiani tunakijua. Msimu ukifika, utamwona mtoto ana vipele na ngozi iliyovimba kandokando ya mdomo, na watu wakasema amekula maembe mengi mno. Ukweli ni kwamba ganda la embe na utomvu wake vina kemikali ambazo ngozi za watu wengine huzikataa. Vipele huweza kutokea hata siku moja au mbili baadaye, kwa hivyo mtu hakumbuki alichofanya. Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na maganda ya korosho mbichi yana kemikali za namna hiyo hiyo. Mara nyingi dawa yake ni rahisi: embe lioshwe, limenywe na mtu mwingine, na mtoto ale nyama yake badala ya kuling'ata na ganda.

Ukambani pia ni nchi ya mizinga ya nyuki. Wengi wetu tukiumwa na nyuki tunavimba na kulia, mambo yakaisha. Wachache huvimba mwili mzima na kukosa pumzi. Hao wanahitaji hospitali mara moja.

Moshi wa kuni, moshi wa sigara, vumbi la barabara na baridi ya Julai si vichochezi vya mzio kwa maana halisi, kwa kuwa hazihusu IgE. Lakini zote hubana kifua ambacho tayari kina pumu, kwa hivyo zinafaa kuepukwa vilevile.

PUMU NA MICHEZO

Kwani ni kweli kwamba kukimbia kunaweza kumbana mtu kifua? Ndiyo. Mwaka wa 1998 jarida la kitabibu la Thorax lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Kenya kwa watoto wa shule. Watoto wa Nairobi na wa Murang'a walikimbizwa, kisha pumzi yao ikapimwa. Nairobi, watoto 23 hivi katika kila 100 walionekana njia zao za hewa zimebana baada ya mbio. Mashambani Murang'a walikuwa 13 hivi katika kila 100. Mjini hali ilikuwa mbaya zaidi, lakini hata mashambani hawakukosekana. Mwenzako anaposema kifua kinambana uwanjani, kumbuka hesabu hiyo kabla ya kumwambia anajifanya.

Hata hivyo, pumu haimkatazi mtu michezo. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000 mwaka wa 1996 na wa 2000, ilhali ana pumu. Mwaka wa 2008 alikataa kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Beijing kwa kuhofia hewa chafu. Alikimbia mita 10,000 tu, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo akaweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin kwa muda wa saa 2, dakika 3 na sekunde 59. Aliijua hali yake na akaipangia. Hata sisi twaweza kumwambia mwalimu wa michezo mapema, kunyoosha viungo polepole kabla ya mbio, na kutumia dawa kama daktari alivyoagiza.

SI KILA MWASHO NI MZIO

Kuna kosa la upande wa pili. Siku hizi mtu akijikuna kidogo tu atasema, "Niko na aleji." Tuwe waangalifu. Kile kidudu chekundu na cheusi ambacho Wakenya hukiita Nairobi flai hakileti mzio. Kina sumu mwilini, na ukikiponda kwenye ngozi sumu hiyo huunguza mtu yeyote yule. Baada ya mvua za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998 kiliwasumbua Wakenya wengi sana. Kikikutua, kipulize, usikiponde. Kisha osha mahali hapo kwa sabuni na maji. Upele unaowasha zaidi usiku na kuenea bwenini kote huletwa na vijidudu, na huo, tofauti na mzio, huambukiza kweli. Mapunye pia huambukiza. Na mtu anayeumwa na tumbo akinywa maziwa, huenda mwili wake umepungukiwa tu na uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, jambo la kawaida kwa watu wazima Afrika. Hilo nalo si mzio.

Kwa nini tofauti hii ni muhimu? Kwa sababu kuna wazazi ambao, mtoto akipata vipele kidogo, humkataza mayai, maziwa, karanga na samaki kwa pamoja bila kumwona daktari. Mtoto huyo hubaki na uji mtupu, akakonda na kudumaa. Kumnyima mtoto chakula bila sababu ni hatari kama kumpa kinachomdhuru.

Isitoshe, kuchelewesha chakula si lazima kuwe kinga. Mwaka wa 2015 madaktari wa London walitangaza matokeo ya utafiti wa watoto wachanga 640 ambao walikuwa katika hatari ya kupata mzio wa karanga. Nusu yao walilishwa vyakula vya karanga tangu wangali wachanga, nusu wakakatazwa. Walipofika miaka 5, waliokatazwa waliokuwa na mzio wa karanga walikuwa 17 hivi katika kila 100. Waliokula walikuwa 3 tu. Soja aliyemzoea mgeni mapema hampigii firimbi. Sisemi mkawape watoto karanga kiholela. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza kama tunavyofunzwa kliniki, asipewe karanga nzima kwa kuwa zitamkaba, na yule ambaye tayari ana ukurutu mkali au mzio aonwe na daktari kwanza.

KUISHI NA MZIO

Tahadhari kabla ya hatari. Njia ya kwanza ni kukijua kichochezi. Weka daftari, uandike ulichokula, ulipokuwa, na kilichotokea baada ya muda gani. Daktari atalitumia daftari hilo kuamua kama unahitaji kupimwa kwa ngozi au kwa damu.

Bwenini, tunyunyize maji kidogo kabla ya kufagia, tupanguse vumbi kwa kitambaa chenye maji, tuanike magodoro na mablanketi juani, na tufue mashuka kila wiki. Makombo ya mkate sandukuni ni karamu ya mende. Mwenye ukurutu aoge kwa maji ya uvuguvugu, asijisugue kwa nguvu, na ajipake mafuta yasiyo na manukato mara tu anapotoka kuoga.

Kuhusu dawa, vidonge kama Piriton huzuia histamini na kupunguza mwasho na chafya, lakini huleta usingizi. Ukivimeza kabla ya mtihani usishangae maswali yakikuelea. Kuna vingine visivyolevya sana, muulize daktari. Kwa pumu kuna inhela za aina mbili. Ile ya kutuliza, ambayo aghalabu ni ya buluu, hufungua kifua kwa haraka. Ile ya kukinga, aghalabu ya kahawia, hutumiwa kila siku hata ukijisikia mzima, na wengi huiacha kwa sababu hawaoni kazi yake. Tangu mwaka wa 2019 mwongozo wa kimataifa unashauri kwamba vijana wa miaka 12 na zaidi wasitegemee ile ya kutuliza peke yake. Kama unaitumia kila mara, rudi kwa daktari.

Inhela hufanya kazi vizuri zaidi ikipitia chombo cha kati, lakini chombo hicho ni ghali. Mwaka wa 1999, daktari wa watoto Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya soda ya mililita 500 hufanya kazi hiyo vizuri. Chupa huoshwa, ikatobolewa chini kwa kipimo cha mdomo wa inhela, inhela ikaingizwa ikakaza, na mgonjwa huvuta dawa kwa mdomo wa chupa. Chupa ambayo huwa tunaitupa yaweza kumwokoa mtu.

SIKU YA HATARI

Haya ni ya kukariri kama unavyokariri ngeli.

Mwenye pumu akibanwa: mketishe wima, usimlaze. Mtulize, na umzuie asizingirwe na watu. Mpe inhela ya kutuliza, pafu 4, moja moja, na kwa kila pafu avute pumzi mara 4 kupitia chupa. Ngoja dakika 4. Asipopata nafuu, rudia na mwite mwalimu apelekwe hospitali. Akishindwa kuongea sentensi nzima, au midomo ikigeuka rangi, usingoje hata kidogo, na uendelee kumpa dawa njiani.

Mzio wa mwili mzima: dalili huja kwa dakika chache, au ndani ya saa 2. Mabaka mwilini, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kupumua kwa shida, kutapika, kizunguzungu. Mabaka pamoja na shida ya kupumua ni dharura. Mlaze chali na umwinue miguu. Akishindwa kupumua, aketi. Asisimame wala asitembezwe, hata akisema yuko sawa. Dawa inayookoa maisha ni sindano ya adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja kwa upande wa nje. Kama amepewa yake na daktari, itumike mara moja. Kama hana, akimbizwe hospitali iliyo karibu, iwe kituo cha afya au Hospitali ya Machakos Level 5, na wahudumu waambiwe mlangoni kwamba ni mzio mkali. Piriton haiwezi kuchukua nafasi ya adrenalini, wala maziwa, wala maji ya chumvi. Akipata nafuu abaki hospitalini aangaliwe, kwa maana dalili zaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Jamani, hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mtu awe amesomea udaktari. Linahitajika bweni ambalo wenye mzio hawaoni haya kusema, na wenzao wanajua la kufanya. Kwa hivyo leo jioni baada ya prepu, muulize mwenzako mwenye inhela akuonyeshe anapoiweka. Itakuchukua dakika moja tu.